Mkuu wa idara chuo kikuu: unawajibika kwa watu usiowaajiri, usiowapandisha cheo na usioweza kuwafukuza

DokezoSabili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kuna mdau alilalamika humu kwamba mkuu wa idara yao "amelala": matokeo hayatoki, mwalimu haonekani darasani, na hakuna anayechukuliwa hatua. Nilianza kumjibu pale pale, jibu likazidi urefu wa uzi wenyewe, nikaona bora nifungue huu. Nimetoka kwenye kiti hicho majuzi, chuo cha umma hapa hapa nchini. Sitakitaja, na mnaokijua naomba mninyamazie.

Wengi walio nje wanadhani mkuu wa idara ni bosi. Uteuzi unatoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo, kwetu ni muhula wa miaka 3 na posho ya madaraka ambayo haitoshi hata vocha za kuwatafuta walimu. Kibali cha kuajiri kiko Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma. Cheo mtu anapanda kwa machapisho yake na kamati za juu, wewe unapitisha fomu na kuandika maoni. Nidhamu nayo ina mamlaka yake. Kilichobaki mkononi mwako ni ratiba, dokezo sabili (barua fupi ya ndani ya ofisi) na kubembeleza. Muhula ukiisha unarudi foleni, mlango kwa mlango na yule uliyemwandikia barua ya kujieleza, na huenda safari hii yeye ndiye mkuu, na fomu yako ya Profesa Mshiriki iko mezani kwake.

Nitawapa kisa kimoja kwa kirefu, maana nikisema mambo kwa ujumla mtaniambia natafuta huruma.

Tuna profesa mmoja, nitamwita Mzee. Alinifundisha shahada ya kwanza, akanisimamia tasnifu ya uzamili, na kwenye harusi yangu alikaa meza ya wazazi. Watumishi wengi wa umma wanastaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, lakini maprofesa na wahadhiri waandamizi ni 65. Mzee alifika 65 mimi nikiwa kitini. Akaomba mkataba. Ombi la namna hiyo linaanzia idarani: mkuu anaandika kama idara bado inamhitaji au la.

Sasa Mzee hasahihishi. Darasani yuko vizuri mno, anaingia bila karatasi na watoto wanakaa hadi kwenye ngazi kumsikiliza. Ila mitihani haisahihishwi. Jioni moja nilimfuata ofisini, bodi ya mitihani ya idara inakaa kesho yake, nikakuta vifurushi vya mwaka wa kwanza viko chini ya meza vimefungwa na kamba ya katani kama nilivyomkabidhi, fundo langu mwenyewe. Ananiambia, "Mwanangu, kaa kwanza unywe chai."

Ningeandika "hatumhitaji" na kulala usingizi? TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wakija kukagua programu ya uzamili swali la kwanza ni nani anasimamia. Profesa alikuwa yeye peke yake. Walimu wetu wengine walikuwa masomoni kwa fedha za HEET, ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Mradi mzuri, utatuletea wenye PhD, lakini mtu akiwa masomoni vipindi vyake havisomi pamoja naye, vinabaki idarani.

Upande mwingine kuna kijana. Vigezo anavyo vyote, 3.8 ya shahada ya kwanza kavuka, 4.0 ya uzamili kavuka, anatufundishia kwa malipo ya saa ambayo yanachelewa hadi anasahau alikuwa anadai ya semista ipi. Nafasi ya Mzee kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi za idara) ndiyo tuliyokuwa tunaiombea kibali.

Niliandika mkataba wa mwaka mmoja, uzamili na uzamivu tu, mwaka wa kwanza asiguse. Mzee alipoona nakala akaniambia nimemwandikia masharti kama mtoto wa bweni. Hadi leo tunasalimiana kwa kichwa. Na ningeulizwa tena ningeandika vile vile.

Mnaotukana wakuu wa idara, karibuni. Wewe ungeandika nini?

Kapteni Mbuzi

Mkuu wa idara ni konda tu. Matusi ya abiria yake, gari la tajiri, usukani wa dereva. Nimeweka kambi hapa na kahawa.

Binti Kihesa

Simulizi tamu, ila mimi nilikuwa ndani ya vifurushi vya namna hiyo, chuo kingine. Unajua maana ya kozi moja kukosa alama? Matokeo yako hayajakamilika, chuo hakipeleki jina Bodi ya Mikopo, wenzako wanasaini bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) wewe unaambiwa "njoo Jumatano". Nilikopa hela ya kula kwa mama ntilie mpaka akaanza kunificha maharage. Mwalimu mwenyewe nilikutana naye kantini, kanisalimia kwa furaha kabisa, hajui kitu. Mkuu wa idara nilimwona mara mbili, kasema "analifanyia kazi". Kwa hiyo ukisema ulibembeleza, kwa mwanafunzi hiyo ni lugha ya kutofanya kitu.

Halafu hujasema. Vile vifurushi nani alivisahihisha?

DokezoSabili

Binti Kihesa, swali lako limefika palipo na mfupa.

Usiku ule niliwaita wakufunzi wasaidizi na wahadhiri wasaidizi, tukagawana, mwongozo wa majibu tukaandika sisi kwa sababu Mzee hakuwa nao kwenye karatasi, uko kichwani mwake. Tulimaliza alfajiri, nikaita bodi saa 8 mchana badala ya saa 3 asubuhi. Matokeo yakatoka. Watoto wakapata bumu lao.

Ila tazama niliowaita. Nimewaita wasioweza kukataa. Mhadhiri mwandamizi ukimpigia saa 2 usiku anakwambia yuko msibani Kibaha. Mkufunzi msaidizi anakuja na daladala ya mwisho, kwa sababu anajua barua yake ya kwenda kusoma uzamili itapita kwangu. Huo ndio mtego wa kazi hii ambao hakuna semina inayoutaja: kila pengo linazibwa na mdogo. Yeye ana vikundi vya semina, yeye anasimamia mitihani, yeye anaandika muhtasari wa kikao, na yeye ndiye anayetakiwa awe na machapisho ili apande. Baada ya miaka kadhaa unamuuliza mbona PhD haiishi.

Nikajaribu kuweka wazi mzigo wa vipindi: jedwali moja, majina yote, saa za kila mtu, nikalibandika kwenye kikao cha idara. Kelele zilizozuka pale! Mmoja akasema ushauri elekezi anaoleta unaingizia chuo fedha, kwa hiyo saa zake zihesabiwe. Mwingine akasema mimi mwenyewe nina kozi moja tu. Ni kweli, mkuu wa idara hupunguziwa vipindi, lakini ukilieleza hilo mbele ya watu wenye kozi 4 unaonekana mjanja. Semista iliyofuata nilichukua kozi ya pili, na yule wa ushauri elekezi alikubali ya mwaka wa kwanza, aliyoiacha Mzee. Si kwamba nilimwamuru. Aliona jina lake liko chini kabisa kwenye jedwali na vijana wote wanalitazama.

Masijala

Nimefanya kazi ya utunzaji kumbukumbu chuo kikuu miaka mingi, ruhusa niseme nanyi waheshimiwa mnaojiita hamna mamlaka.

Mnayo. Hamyatumii kwa woga. Nimeona mashauri ya nidhamu yakifika juu na kufa kwa swali moja: barua ziko wapi? Mwalimu hajaingia darasani semista nzima, faili lake safi kama la mtakatifu. Mkuu wa idara anasema "nilimwonya kwa mdomo". Kwa mdomo hakuna folio, yaani karatasi yenye namba kwenye faili. Mnaogopa kuandika kwa sababu mnarudi foleni, umesema mwenyewe.

Na kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma? Mfumo huu uliochukua nafasi ya OPRAS ulikuja kwamba kila mtumishi aingize kazi zake na msimamizi wake azipime. Msimamizi ndiye wewe. Mtu huyo huyo mnayemlalamikia vikao vyote, mnampa alama za juu ili asikununie. Halafu mnasema Utumishi hawajui kinachoendelea idarani. Watajuaje?

Kwa Mzee wako: ulipovikuta vifurushi chini ya meza, uliandika?

DokezoSabili

Masijala, niliandika. Dokezo kwa amidi (dean), nakala kwa mhusika. Amidi alinipigia simu badala ya kunijibu kwa maandishi. Akaniambia, "Huyu ni baba yetu sote, lifunge kiutu uzima." Amidi naye alifundishwa na Mzee. Dokezo lipo kwenye faili, jibu halipo.

Hilo la PEPMIS sikupingi.

Mswahili wa Eldoret

Wandugu, huku Kenya tunamwita mwenyekiti wa idara, na shida zake zina ladha yake. Yeye ni mwanachama wa chama cha wahadhiri, UASU, na papo hapo ni mkono wa utawala. Mgomo wa 2025 ulipoanza Septemba kudai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021, mgomo uliodumu hadi Novemba, mwenyekiti alisimama wapi? Ofisi ya juu inamtaka aseme nani anafundisha na nani hafundishi. Akiandika majina, wenzake wanamwita msaliti, na hela ikilipwa naye anaila. Asipoandika, yeye ndiye mkaidi. Niliyemjua mimi alijaza fomu ya mahudhurio kwa kuandika idara nzima haipo, jina lake likiwa la kwanza. Sijui mtu angefanya nini zaidi ya hapo.

Lingine ni walimu wa vibarua, wanaolipwa kwa kozi. Wanafundisha, hawalipwi, wanakaa na alama. Mwanafunzi anafika mahafali jina halimo kwa sababu ya alama za mwaka wa pili. Mwenyekiti ataenda kumtisha mtu ambaye chuo kinamdai alama, naye anakidai chuo hela? Mwalimu anakwambia wazi, "Nilipeni, mchukue." Na ana haki. Mtoto naye ana haki. Hapo hata hizo barua za bwana Masijala hazisaidii, maana kibarua hana faili.

Bongo Minnesota

Msidhani ughaibuni ni pepo. Niko idara moja huku Marekani, mwenyekiti wetu ni zamu tu, amidi anamthibitisha, na anabembeleza kuliko huyo wa kwenu. Profesa aliyethibitishwa kazini kwa kudumu hagusiki bila shauri zito, na tangu 1994 hakuna umri wa kumstaafisha kwa lazima. Kwetu kuna babu ana miaka 79. Mzee wenu wa 65 huku bado ni kijana.

Koko la Mlimani

Kabla hamjaendelea kusema mkuu hana meno, kumbukeni Makerere, Aprili 2016.

Profesa Mahmood Mamdani, ambaye waliosoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) miaka ya 70 walimpata kama mwalimu, aliingia kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, MISR, mwaka 2010. Akaanzisha programu ya uzamivu yenye masomo ya darasani, kwa hoja kwamba Afrika imechoka kuwa mahali pa kukusanyia data za wenzetu. Programu inataka walimu. Akawataka watafiti wa taasisi wafundishe. Dk. Stella Nyanzi akasema yeye aliajiriwa kama mtafiti, mkataba wake hausemi kufundisha. Mvutano ukaendelea hadi ofisi yake ikafungwa kufuli, naye akavua nguo kupinga, picha zikazunguka dunia nzima. Dunia ikabaki na picha, na swali la msingi likapotea: kiongozi mwenye programu nzuri na watumishi wachache anaweza kumlazimisha mtu kazi ambayo mtu huyo anasema haimo kwenye mkataba?

Na utamu wa historia ni huu. Mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Cape Town, Mamdani huyo huyo ndiye alikuwa upande wa kuonewa. Aliandaa mtaala wa kozi ya utangulizi kuhusu Afrika, wenzake wakaukataa, akawekwa kando ya kozi. Aliondoka 1999. Kwa hiyo mtu alionja pande zote mbili za meza, na bado kufuli ilifungwa.

Binafsi kwenye hoja ya kufundisha niko na Mamdani, kwenye kufuli niko na Nyanzi. Kufuli ndiyo inayotumika mtu akiishiwa na karatasi.

Kapteni Mbuzi

Koko kafungua somo, mahudhurio yasainiwe.

Binti Kihesa

Naona mnazunguka. Vifurushi, mikataba, kufuli. Kuna lingine ambalo wasichana wote waliopita chuo wanalijua na hakuna mkuu wa idara anayelianzisha mwenyewe. DokezoSabili, uliletewa?

DokezoSabili

Nililetewa.

Alikuja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeongea. Msimamizi wa utafiti wake anamtaka waonane nje ya chuo, sura ya tatu ya utafiti haipiti mpaka "waelewane". Akanionyesha ujumbe kwenye simu. Hakukuwa na neno chafu hata moja, ni "uko wapi", "mbona hunijali", "kazi yako iko kwangu", saa 5 usiku. Nikamwambia aandike. Akasema hapana. Jina lake lisitajwe, mama yake asijue, anataka kuhitimu tu.

Sheria ipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayetaka ngono ili atoe kilicho haki ya mtu. TAKUKURU wenyewe walitoa utafiti wao kuhusu vyuo vikuu mwaka 2020, waliufanya UDSM na UDOM. Madawati ya jinsia yapo. Lakini binti hataki kwenda huko, na nikimpeleka kwa nguvu kesho hakuna mwingine atakayegonga mlango wangu. Nikinyamaza, semista ijayo kuna binti mwingine.

Kuna wanaosema mkuu wa idara ni lazima apeleke mbele kila anachosikia. Wanaosema hivyo hawajakaa na mtu analia mbele yao akisema "usipeleke". Na kuna wanaosema bila ushahidi usiguse, mwalimu naye ana haki ya kusikilizwa. Kweli anayo. Mimi niligawa upya wasimamizi wa utafiti idara nzima, kila mwanafunzi akawa na wawili, na alama za ripoti zikawa zinatolewa na wasahihishaji wawili ambao si wasimamizi. Nikasema ni ubora wa taaluma, hoja ambayo mtahini wa nje alikuwa ameshaiandika kwenye ripoti yake, kwa hiyo sikudanganya. Binti nilimwandikia namba ya mtu wa dawati kwenye karatasi, nikamwambia siku akibadili mawazo atakuta nimeitunza tarehe aliyokuja kwangu.

Yule mwalimu alikuja kuniuliza kwa nini ameondolewa watu wake. Nikamwambia hajaondolewa yeye, tumepanga upya wote. Alinitazama kwa muda. Tulielewana bila kusema, na tangu siku hiyo anapinga kila ninaloleta kwenye kikao.

Binti Kihesa

Kwa hiyo bado anafundisha.

DokezoSabili

Bado anafundisha.

Masijala

Hapa sina ujuaji. Ila mabadiliko ya wasimamizi yaliandikwa na sababu ya mtahini wa nje imo kwenye faili? Ikiwa imo, mkuu ajaye hawezi kuyafuta kwa neno moja.

DokezoSabili

Imo, na yamepita bodi ya ndaki, ngazi iliyo juu ya idara.

Mama Wawili Mbezi

Samahani wakuu kuchelewa uzi. Mimi nimepewa barua ya kukaimu idara tangu Julai. Mhadhiri tu, hata uandamizi sijafika, nimepewa kwa sababu waliobaki wote ama wako masomoni ama wamegoma kimya kimya. Ni mdogo kwa umri kuliko wote isipokuwa wakufunzi. Nikiitisha kikao wanaume watatu wanakuja wamechelewa na wananiita "binti yetu". Mmoja kanitumia alama kwenye WhatsApp, picha ya karatasi iliyokunjwa. Kaimu naye anaweza kuandikia watu barua? Na akithibitishwa mtu mwingine kesho, si nitakuwa nimejiletea maadui bure?

Mswahili wa Eldoret

Dada, pole. Huku kwetu mtu anaweza kukaimu mpaka watu wakasahau kwamba anakaimu.

DokezoSabili

Mama Wawili, kaimu anaandika barua kama mwenye kiti. Ila usianze na wale watatu. Anza na tarehe: peleka kalenda ya bodi ya mitihani kwa kila mwalimu sasa hivi, wasaini kupokea. Anayeleta alama kwa picha mrudishie fomu, usimwingizie kwenye mfumo wewe, ukikosea tarakimu moja ni lako. Hilo la "binti yetu", mimi ni mwanaume, sina cha kukufundisha. Nilichoona kwa mama mmoja aliyeongoza idara ya jirani: alianza kikao saa ileile na aliyekuwepo, wakiwa wawili, akaandika maazimio kwenye muhtasari na kufunga, waliochelewa wakakuta vipindi vimeshagawanywa. Kikao cha tatu walifika mapema.

Aliyekutangulia alikukabidhi nini?

Mama Wawili Mbezi

Funguo 2, ya ofisi na ya kabati ambalo halifunguki. Na flashi yenye virusi.

Masijala

Andika dokezo kwa amidi leo kuomba hati ya makabidhiano. Orodhesha unavyodai: mihutasari ya vikao, ikama ya idara, mikataba ya walimu wa muda, alama zinazodaiwa kwa kila kozi na jina la mwalimu. Nakala faili la idara, nakala kwa aliyekutangulia. Weka namba ya kumbukumbu. Kabati waite fundi, avunje kufuli mbele ya shahidi mmoja, na hilo nalo liandikwe.